Wazee Hawa Mbona Hawapumziki?

Ndugu msomaji, huenda nyumbani mwako yumo kijana apendaye ule muziki wa ng'ambo uitwao roki, na hasa tawi lake lenye vishindo liitwalo metali. Na huenda wewe, baada ya kutwa nzima ya makelele ya mashine, umekwisha kumwambia mara nyingi apunguze sauti. Kesi hiyo siiamui leo. Ninalotaka tulitazame pamoja ni jambo ambalo hata mzazi asiyeupenda muziki huo hana budi kulistaajabia, nalo ni kwamba wengi wa wapigaji wake mashuhuri ni watu wazima kuliko mzazi mwenyewe. Wengine ni mababu wenye wajukuu, na bado wanapanda jukwaani mbele ya maelfu ya watu, wakatoka jasho kama vijana.

Chukua Rolling Stones wa Uingereza, bendi iliyoanzishwa mwaka 1962. Mwimbaji wao, Mick Jagger, alizaliwa mwaka 1943. Mwezi wa Aprili 2019 alibadilishiwa vali ya moyo, na mwezi wa Juni mwaka huo huo alikuwa mjini Chicago akiimba na kukimbia huku na huko jukwaani. Mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 80, alizunguka tena Marekani, na mdhamini wa safari hiyo alikuwa AARP, yaani jumuiya inayotetea maslahi ya wazee wa nchi hiyo. Usicheke, msomaji; wenyewe hawakuona haya. Na Angus Young, mpiga gitaa wa AC/DC iliyoanzia Australia mwaka 1973, alizunguka Ulaya mwaka huo huo wa 2024 akiwa na miaka 69, amevaa kaptura na kofia ya mwanafunzi wa shule kama alivyokuwa akivaa tangu ujana wake.

Hata Queen, bendi ya yule mwana wa Unguja, Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946 na kufariki mwaka 1991, haikuzikwa pamoja naye. Brian May na Roger Taylor walimpata mwimbaji kijana, Adam Lambert, na mwezi wa Februari 2024 walikuwa Japani, wote wawili wakiwa wamepita miaka 70.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi sisi tunaokula kwa jasho la kiwandani ni ule wa Black Sabbath.

Vijana wanne wa bendi hiyo walikulia Aston, mtaa wa wafanyakazi katika mji wa viwanda wa Birmingham. Ozzy Osbourne, mwimbaji, alikuwa mtoto wa fundi wa kutengeneza zana. Yeye mwenyewe alipata kufanya kazi machinjioni, na pia katika kiwanda ambamo kazi yake ilikuwa kusikiliza na kurekebisha honi za magari kutwa nzima. Tony Iommi, mpiga gitaa, alikuwa kiwanda cha mabati. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, aliamua kuacha kazi ili afuate muziki. Siku yake ya mwisho alikwenda nyumbani kula chakula cha mchana, akamwambia mama yake kwamba harudi tena. Mama akakataa: kazi humalizwa. Kijana akarudi. Mtu aliyezoea kuendesha mashine moja hakuwapo siku hiyo, akawekwa yeye, na mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, kile cha kati na cha pete. Iommi hupiga kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo mkono huo wa kulia ndio unaobana nyuzi. Ilikuwa kana kwamba ameambiwa asahau gitaa maisha yake yote.

Aliyemwokoa hakuwa daktari. Msimamizi wake wa kazi alimletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua mkono katika moto mwaka 1928, ambaye alijifunza upya kupiga kwa vidole viwili tu akawa bingwa wa Ulaya. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akafinyanga vifuniko viwili vya kuvaa kwenye vidole, akavigandisha ngozi aliyoikata katika koti kuukuu. Nyuzi za kawaida zilimuumiza, akatafuta nyembamba zaidi. Na kufikia mwaka 1971 alikuwa akizilegeza nyuzi ili asitumie nguvu nyingi kuzibana. Uzi ukilegezwa, sauti hushuka na kuwa nzito. Basi ile sauti nzito ambayo leo huigwa na vijana wa dunia nzima ilitokana, kwa sehemu kubwa, na ajali ya kazini.

Naam, nguvu za uzeeni zinatoka wapi? Usidhani kazi yenyewe ni nyepesi. Wataalamu wa Uingereza walimpima Clem Burke, mpiga dramu wa bendi ya Blondie, wakaona kwamba jukwaani moyo wake ulipiga kwa kasi ya mcheza kandanda uwanjani. Nicko McBrain wa Iron Maiden alipatwa na kiharusi Januari 2023 kilichopooza upande wake wa kulia. Miezi michache baadaye alikuwa nyuma ya dramu zake, na hakuacha kuzunguka na bendi hadi Desemba 2024, akiwa na miaka 72.

Nionavyo mimi, mzee wa jukwaani hana nguvu kuliko kijana. Anachojua ni mahali pa kuitumia. Mtazame seremala mkongwe na mwanagenzi wake wakipiga misumari, utaelewa. Bendi kongwe hushusha ufunguo wa nyimbo ili mwimbaji asijikaze koo. Huacha siku moja au mbili za mapumziko kati ya onyesho na onyesho. Na pale pumzi inapopungua, mwimbaji huelekeza kinasa sauti kwa watazamaji, nao humwimbia wimbo wake kwa furaha. Huo si udanganyifu hata kidogo. Watu wamekwisha kuimba nyimbo hizo kwa miaka 40, nao wana haki yao ndani yake.

Hata hivyo, tusifichane. Fedha imo. Siku hizi mauzo ya santuri hayalishi kama zamani, na onyesho ndilo lenye mapato. Wapo pia ambao mwili uliwagomea waziwazi. Brian Johnson, mwimbaji wa AC/DC, aliambiwa na madaktari mwaka 2016 aache mara moja ama awe kiziwi kabisa. Alirudi miaka kadhaa baadaye kwa msaada wa chombo maalumu cha masikioni. (Mwenyewe alilaumu zaidi mashindano ya magari, lakini mzazi anayeomba sauti ipunguzwe anaweza kuitumia habari hii.)

Na imo dhuluma, au angalau manung'uniko ambayo kila mwenye mwajiri atayafahamu. Black Sabbath waliporudiana mwaka 2012, mpiga dramu wao wa asili, Bill Ward, alikataa kushiriki kwa sababu ya mkataba aliouona hauna haki. Wenzake wakaendelea na mtu mwingine. Februari 2017 wakaaga rasmi mjini kwao Birmingham, na Ward hakuwapo jukwaani. Hesabu, msomaji: walianza pamoja mwaka 1968 katika umaskini ule ule wa Aston, na siku ya kuagana mmoja wao hayupo. Kwa maoni yangu kuaga kule hakukukamilika, na nadhani hata wenyewe walilijua hilo.

Tarehe 5 Julai 2025 wakaitana tena, katika uwanja wa kandanda wa Villa Park, hatua chache kutoka mitaa waliyokulia. Watazamaji walizidi 40,000, na mapato yaliahidiwa kwa hospitali ya watoto ya mji huo, nyumba ya kuwatunzia watoto wagonjwa mahututi, na shirika linalotafuta tiba ya ugonjwa wa Parkinson, ambao Osbourne aliutangaza kuwa nao mwaka 2020. Hakuweza tena kusimama na kuimba. Alipandishwa jukwaani ameketi katika kiti kikubwa cheusi, akaimba nyimbo tano peke yake, kisha nne pamoja na wenzake, akipiga makofi, akikodoa macho na kuwahimiza watu wapaze sauti zaidi. Nyuma yake, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2005, aliketi Bill Ward, mwenye miaka 77. Alivua shati akapiga dramu kifua wazi. Iommi, naye wa miaka 77 na aliyekwisha kuugua saratani, alisimama pembeni na vifuniko vyake vidoleni.

Siku kumi na saba baadaye, tarehe 22 Julai, Osbourne alifariki dunia. Tarehe 30 gari lililobeba jeneza lake likapitishwa katikati ya Birmingham, bendi ya matarumbeta ikitangulia, likasimama kwenye daraja ambalo mji huo umelipa jina la Black Sabbath. Jamaa zake wakashuka, wakaweka maua juu ya lundo la maua yaliyokuwa yamekwisha kuletwa na wenyeji.