Kura ya Majaribio, Swali la Kweli
Makamanda, wiki iliyopita nilisimamia uchaguzi wa majaribio kwenye sekondari moja. Sanduku lilikuwa boksi la sabuni, kila mgombea na wakala wake, kura zikahesabiwa mbele ya darasa zima. Aliyeshindwa akampa mkono mwenzake. Safi kabisa.

Kisha binti wa kidato cha tano akauliza: "Dada, hivi Rais akitangazwa kimakosa, tunaenda mahakama ipi?"

Nasoma sheria, ila nilisita. Kwa Ibara ya 41(7) ya Katiba, Tume ikishatangaza, hakuna mahakama ya kuchunguza. Darasa likanyamaza.

Akifika miaka 18, Ibara ya 5 inampa haki ya kupiga kura. Nani atailinda kura hiyo? Tudai Katiba mpya sasa, kabla hajafika kituoni.