Sabufa Isimeze Maneno

Kwa wazazi wetu, sabufa ni seti nzima: sanduku la besi pamoja na spika zake mbili ndogo. Hapa Brooklyn Park sisi tulinunua sanduku peke yake, la mtumba, tuliunge kwenye amplifaya ya zamani yenye spika mbili nyumbani kwa mwenzetu. Jumamosi tukapiga nyimbo za Mbaraka Mwinshehe. Mama mwenye nyumba akatoka jikoni, akauliza, "Wanangu, mnapiga muziki au mnatwanga mahindi?"

Alisema kweli. Halikusikika neno hata moja.

Maoni yetu ni haya: sabufa ikiungwa vizuri huisikii yenyewe, unausikia wimbo.

Kuunga si kazi kubwa. Zima umeme kwanza. Amplifaya yetu haina tundu la sabufa, kwa hiyo tulivuta waya kutoka pale pale zinapoungwa spika, kulia na kushoto, hadi nyuma ya sabufa kwenye matundu ya waya za spika. Sabufa ina amplifaya yake ndani, kwa hiyo haizipunguzii spika nguvu.

Kosa letu lilikuwa kwenye kitufe cha kuzungusha kinachoweka mpaka wa besi. Tulikiweka kwenye hezi 120. Uzi mzito wa gitaa la besi hutoa mlio wa hezi 41 hivi, lakini sauti ya mwanamume huanzia kama hezi 85. Sabufa yetu ilikuwa inamwingilia mwimbaji! Tukashusha hadi 70, tukapunguza nguvu yake, tukaitoa kwenye kona, maana konani besi huzidi kuvuma. Mwimbaji akarudi.

Tunajua wapo wenzetu watakaosema muziki bila kishindo si muziki. Ukumbini, sawa. Lakini nyumbani, wengi wetu humjibu mama kwa Kiingereza, na nyimbo hizi ndipo tunaposikia Kiswahili kilichokamilika. Tukiyafunika maneno, tunabaki na mdundo tu, na debe tupu haliachi kuvuma.

Jumamosi ile mama aliacha sufuria, akaketi nasi. Wimbo ulipofika katikati akasema, "Hebu rudisha hapo," akatueleza neno ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua. Tuliurudia wimbo ule mara tatu.

Wanachama, shusheni besi kidogo. Kisha muiteni mzazi akae nanyi.