Nchi ya madini, mashimo ya miti

Wandugu wa Kamituga na wa Bukavu,

Kule Bilbao, Hispania, kuna nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa 1997. Kuta zake zimefunikwa kwa bati za titani ambazo unene wake haufiki nusu milimita. Titani haishiki kutu, uzito wake ni kama nusu ya ule wa chuma, na bei yake ni kali. Wenzetu wameivalisha ukuta ili upendeze.

Sasa shuka na sisi mu shimo hapa kwetu. Juu ya kichwa cha mchimbaji kuna nini? Miti. Miti iliyokatwa mlimani, inashikilia udongo uliolowa, na yenyewe inaoza. Tarehe 11 Septemba 2020 mvua kali ilinyesha, maji yakaingia mashimoni pale Detroit, udongo ukaanguka. Hesabu zilizotolewa zilisema watu zaidi ya 50. Wengi vijana, kama wewe unayesoma.

Kila mara tunaambiwa: "Ni mapenzi ya Mungu." Hapana! Mungu hakukataza mtu kununua pampu.

Tusidanganyane, hatuombi titani. Sehemu kubwa ya titani ya dunia hata haijengi kitu, inakuwa unga mweupe wa rangi. Pengine ule ukuta mweupe wa ofisi unapopanga foleni uko na titani, na shimo la kaka yako halina hata nguzo moja ya chuma cha kawaida. Hiyo nguzo ndiyo tunaomba. Na mbao nzuri, na pampu, na mifereji ya kugeuza maji ya mvua kabla hayajafika mdomo wa shimo. Na enjinia anayeingia ndani, si wa kupiga picha mlangoni.

Pesa iko wapi? Dhahabu inachimbwa hapa tangu wakati wa Wabeleji. Ikaja Sominki 1976, ikaja Banro. Leo PDG wa shimo analipa hapa, analipa pale, karatasi juu ya karatasi. Mama mtwangaji wa mawe naye analipa. Tuonyesheni risiti moja tu iliyogeuka kuwa nguzo!

Mvua za Septemba zinarudi kila mwaka. Kabla hazijarudi, tunataka orodha ya mashimo yaliyokaguliwa ibandikwe hadharani, na yale ya hatari yafungwe mpaka yatengenezwe. Isipobandikwa, tutaenda kuiuliza mlangoni kwa wakubwa, mikono mitupu, kwa amani, na kesho yake tutarudi tena.