Wahadzabe wa Meatu si watu wa kale: somo la historia liwafundisheje?

Ukitaja Simiyu, wengi hufikiria pamba, ng'ombe na Wasukuma. Si kosa. Mkoa huu ulioanzishwa mwaka 2012 una watu zaidi ya milioni 2, na wengi wao ni Wasukuma. Lakini ukitoka Bariadi, ukapita Mwanhuzi na kuelekea upande wa Ziwa Eyasi, wilayani Meatu, utawakuta pia Wataturu, ambao ni wafugaji, na Wahadzabe, ambao huwinda, huchimba mizizi na kurina asali.

Je, watoto wetu wanasoma nini kuhusu majirani hawa?

Kwa miaka mingi Wahadzabe wametajwa darasani hasa kwenye mada ya ujima, kama mfano wa maisha ya binadamu wa zamani. Hata jina Watindiga, ambalo wengi wetu tunalitumia, wamepewa na watu wengine. Wenyewe hujiita Wahadzabe.

Suala hili lina uzito sasa kwa sababu mtaala mpya ulianza kutumika kwa awamu Januari 2024, na ndani yake kuna somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili.

Kutozungumzia sana makabila kulikuwa na sababu. Baada ya Uhuru tulitaka kujenga taifa moja, na tangu sensa ya 1967 hakuna sensa iliyotuuliza kabila. Jambo hilo limetusaidia. Lakini ukimya hauwagusi wote sawasawa. Msukuma asipotajwa kitabuni, bado atasikika mnadani na kwenye ngoma za Bagika na Bagalu. Wahadzabe wanakadiriwa kuwa elfu moja na ushee tu. Wakielezwa vibaya, ni nani wa kusahihisha?

Na historia yao haikuishia enzi za mawe. Mwaka 2011, Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata hati ya kimila ya ardhi inayozidi hekta 20,000. Hao ni raia waliodai haki yao kwa sheria za nchi.

Wenzetu wa Marekani walipitia jambo kama hili. Mwaka 1926 mwanahistoria Carter G. Woodson alianzisha wiki ya historia ya Weusi, kwa kuwa vitabu viliwaacha nje. Leo ni mwezi mzima, kila Februari.

Kwetu hatuhitaji mwezi maalumu. Mwalimu anaweza kumwalika mzee wa Kihadzabe au wa Kitaturu aeleze mwenyewe, na kwa ridhaa yake wanafunzi wakamrekodi kwa simu. Mzazi naye anaweza kuliuliza jambo hili kwenye kikao cha shule.

Mtoto wa Kihadzabe akifungua kitabu na kukuta ukoo wake umewekwa kwenye sura ya watu wa kale, atajionaje? Na mwanao aliyekaa naye dawati moja atamwonaje?