Mwacheni mvuvi wa samoni na kipande chake cha chuma

Jamani wadau, wiki hii bweni letu limegeuka bunge. Hoja mezani: samoni, yule samaki wa bahari baridi za Marekani na Kanada, anamalizwa na watu wa ndoana. Chumbani kwetu wengi wamesema ndiyo. Mimi nasema hapana, tena naandika kabisa ili mtu asije akanigeuzia maneno kantini.

Kwanza tumjue mshitakiwa. Yuko kwenye kiboti pwani ya jimbo la Washington. Hana nyavu. Ana fimbo, mshipi na kipande chembamba cha chuma kilichopakwa rangi ya kung'aa kifanane na kisamaki. Anakizamisha, anakivuta juu, halafu anakiachia. Kikishuka kinapepesuka huku na huku kama kidagaa kilichojeruhiwa, na mara nyingi samoni anakidaka pale pale kinaposhuka. Mshipi ukilegea mno hutasikia akigusa. Ukiukaza mno chuma hakichezi. Yaani ni kazi ya mikono na subira, samaki mmoja mmoja.

Na sheria imemkaba. Baharini kule ndoana ya samoni haitakiwi kuwa na kile kijino cha kumzuia samaki asichomoke. Sehemu nyingi, akimpata samoni aina ya koho mwenye kale kapezi kadogo karibu na mkia, anamrudisha majini. Kapezi kamekatwa? Huyo kazalishwa kituoni, ruksa kumla.

Huyo ndiye mmaliza samaki? Hebu tuwe serious kidogo!

Samoni anazaliwa mtoni, anakwenda kukulia baharini, kisha anarudi mto ule ule kutaga. Ukifunga mto umefunga wodi ya wazazi. Bwawa la Grand Coulee kwenye Mto Columbia lilimalizika 1942 bila njia yoyote ya kupitisha samaki. Mwaka 1940 makabila wenyeji walikusanyika Kettle Falls, walikovua vizazi na vizazi, wakaomboleza kabla maji hayajafunika maporomoko yao. Mlango ule ulifungwa na zege, sio na ndoana.

Mnataka ushahidi wa upande wa pili? Mto Klamath, mpakani mwa California na Oregon. Mabwawa manne yalibomolewa, kazi ikaisha 2024. Mwaka huo huo samoni walionekana tena upande wa Oregon, mara ya kwanza tangu 1912. Hakuna aliyewafundisha njia. Waliondolewa ukuta tu.

Sisemi wavuvi ni malaika. Viwanda vya samaki wa makopo vilivyoanza Columbia mwaka 1866 vilikomba samaki kwa pupa, hilo halina ubishi. Ndiyo maana misimu na viwango vya kuvua vinahitajika. Lakini angalieni adhabu inamwangukia nani. Mwaka 2023 na 2024 uvuvi wa samoni baharini California ulifungwa kabisa, kwa sababu waliorudi mitoni walikuwa wachache mno, baada ya ukame na maji ya mito kugombaniwa. Mwenye kiboti akaambiwa kaa nyumbani. Mashamba hayakuambiwa yote yaache kumwagilia. Mnyonge ndiye rahisi kumkamata, kama kawaida.

Mtasema, inatuhusu nini sisi tunaosubiri bumu? Inatuhusu sana. Tuna bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, megawati 2,115. Umeme tunautaka, mimi mwenyewe nadesa kwa taa. Ila chini kule kuna delta, mikoko, na watu wanaoishi kwa kamba na samaki. Siku samaki wakipungua, najua mkutano wa kwanza utaitwa kumsema mvuvi wa mtumbwi. Mimi nataka swali la kwanza liwe: maji yanafikaje delta, lini, na kiasi gani?

Sisi ni walimu watarajiwa. Tukienda BTP tutasimama mbele ya watoto wa wavuvi. Mkawaambie baba zao ni waharibifu bila kutaja mto? Mimi simo.

Aliye na hoja aje chumbani, ila aje na takwimu, asije na kelele. Na sukari yake, ya kwetu imeisha.

Alamsiki.