Mlinzi wa gemu asiingie chumbani

Wadau, leo nawachokoza wapenda gemu. Potelea mbali.

Mkisikia mtu kaweka Windows na Linux kwenye laptopu moja, mnamcheka: anajitafutia matatizo ya nini, wakati Windows inacheza kila kitu? Mbona hamuulizi gemu nayo inataka nini kwenu?

Valorant ilipotoka mwaka 2020 ilikuja na mlinzi wake, Vanguard, wa kuwakamata wanaocheza rafu. Sawa, rafu zinaudhi. Lakini mlinzi huyo alikaa kwenye keneli, yaani kiini cha mfumo, na akawa anaamka mara tu unapowasha Windows, hata kama hujaifungua gemu. Askari wa getini anadai ufunguo wa chumba cha kulala!

Mtasema kampuni inaaminika. Haya. Mwaka 2022 wadukuzi walichukua draiva ya kuzuia rafu ya Genshin Impact, wakaitumia kuzima programu za kuzuia virusi, kisha wakafunga mafaili ya watu ili wadai fedha. Wala hawakuhitaji mwathirika awe na gemu hiyo; draiva waliibeba wenyewe. Hiyo ndiyo nguvu ya kitu kinachokaa kule chini.

Sasa mimi ni mwandishi wa habari. Laptopu ninayochezea ndiyo yenye majina ya watu walionipa nyaraka kwa kuniamini. Wakifukuzwa kazi kwa sababu nilitaka kurusha risasi za uongo usiku, nitawaambia nini? Na wewe mhasibu, daktari, mwanasheria, una za nani humo?

Kwa hiyo mifumo miwili si mbwembwe. Windows ibaki na gemu tu, Linux ishike kazi. Nakili mafaili yako kwanza, punguza patisheni ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, halafu weka Linux. Unapoiweka, chagua diski yake isimbwe kwa nywila ndefu; usipofanya hivyo umejenga ukuta usio na mlango, kwani programu yenye mamlaka makubwa ndani ya Windows inaweza kuisoma diski nzima.

Gemu nyingi zisizo na walinzi wa aina hiyo zinachezeka hukohuko Linux, kwa Proton ambayo Valve waliitoa mwaka 2018.

Uvivu wa kuzima na kuwasha upya si sababu ya kuhatarisha siri za watu.