Barieri ya mvula inaomba saa, haiombi franga



Mvula zimerudi, na malalamiko yale yale yamerudi nazo. Kamyo imelala ndani ya potopoto siku tatu. Ndizi zimeozea juu ya gari. Mnunuzi wa kakao ameshusha bei, anasema barabara ni mbaya. Kisha sisi wote tunalaumu Serikali.

Serikali iko na deni lake, ndiyo. Tangu 2008 tuko na FONER, mfuko wa taifa wa kutengeneza barabara, na sehemu ya feza zake inatoka kwenye bei ya mafuta ya gari. Mkulima naye anachangia, kwa sababu shofere anahesabu mafuta ndani ya bei ya kubeba gunia. Tuko na haki ya kuuliza feza ile inafika wapi. Lakini kuko jambo moja lisilongojea Kinshasa: kuheshimu barieri ya mvula.

Tuangalie namna barabara ya udongo inavyokufa. Mvula ikinyesha, udongo unakunywa maji na unalegea. Kamyo yenye mzigo ikipita saa ile, magurudumu yanachimba mifereji miwili. Maji hayaendi tena pembeni kwenye mtaro, yanabakia katikati. Kamyo ya pili inachimba zaidi. Ya tatu inakwama, na ya inne inakata miti ili ipite kando. Mashimo ya saa moja, kijiji kinayaziba kwa majembe na salongo ya siku nyingi. Lakini ile kamyo ingengojea mpaka udongo ukauke, ingepita bila kuacha alama kubwa.

Sasa, kwa nini watu hawapendi barieri? Nafikiri ni kwa sababu tunazichanganya zote. Kuko barieri ya kulipa, ambapo unatoa feza na unapaswa kupewa karatasi. Kuko barieri ya walinzi wa pori. Kwa mfano, barabara ya taifa namba 4, kati ya Mambasa na Nia-Nia, inapita ndani ya Hifadhi ya Okapi, iliyoandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia tangu 1996. Pale walinzi wanatafuta nyama ya pori na pembe, kwa sababu sheria ya 2014 inakataza kusafirisha wanyama wanaolindwa. Na kuko barieri ya mvula. Hii haiombi franga, inaomba saa tu. Siku mlinzi wake anapopokea feza na kuinua mti wakati udongo ungali maji, haiko tena barieri ya mvula. Imekuwa duka la kuuza barabara yetu.

Lakini tuseme ukweli: mara nyingi anayemsukuma shofere apite ni sisi. Koperative ndiyo inapiga simu, «Leta gari leo, mnunuzi anangoja.» Ndiyo sababu nasema koperative iwe ya kwanza kutii, na iko na nguvu ya kufanya hivyo, kwa sababu ndiyo yenye mzigo.

Mambo manne yanawezekana musimu huu huu. Kwanza, tuandike katika mapatano na mwenye kamyo kwamba gari haitembei mvula ikinyesha wala kabla udongo haujakauka, na kwamba hatamkata shofere mshahara kwa kungojea. Pili, masharti ya barieri yaandikwe kwenye ubao, kwa Kiswahili, kila mtu asome: magari gani yanasimama, nani anafungua, na kwamba hakuna malipo. Tatu, mgonjwa na mama wa kujifungua wapite saa yoyote, bila maneno mengi. Ine, mlinzi wa barieri apate posho yake kutoka kwa kikundi cha barabara au koperative, ili asitafute chakula mkononi mwa mashofere.

Wengine watasema, «Kungojea kunaharibu mazao.» Ni kweli, na tusidharau neno hilo. Kakao iliyokauka vizuri inabakia na maji kama 7 kwa 100. Ikilowa tena, inaota ukungu, na mnunuzi anaikataa. Basi tutafute bashi nzuri na depo ndogo yenye sakafu ya mbao karibu na barieri. Ndizi nazo zikatwe kufuatana na siku ya gari, si mbele yake. Gunia lililongojea chini ya bashi lingali gunia. Lile lililolala ndani ya potopoto siku tatu ni hasara.

Na wamotari, tusiwasahau. Njia za miguu za kwenda mashambani hazikutengenezwa kwa pikipiki zenye magunia matatu. Pale zinapopanda mlima, gurudumu moja linatosha kufungulia maji mlango, na mwaka unaofuata mama mwenye kitunga mgongoni hana pa kukanyaga. Kila kijiji kichague njia ambazo pikipiki inapita, na zile ambazo inaacha kwa watu wa miguu.

Katika mkutano wenu ujao, wekeni jambo hili mbele ya bei ya kakao. Kwa sababu bei nzuri isiyo na barabara haifiki nyumbani.